Mti wa Kupima Waongo

Teleza hakuwa na kosa lolote siku ile, isipokuwa kwamba fundi viatu alikuwa akimtafuta na kisu cha kukatia ngozi mkononi. Gundi aliyouziwa na Teleza kumbe ilikuwa uji. Basi Teleza akaruka ukuta wa nyumba moja iliyofungwa miaka mingi, akaangukia uani, katikati ya maua.

Ulikuwa ukoo mzima. Kulikuwa na vichaka vya kufika gotini, vingine vya kimo cha mtu, na mti mmoja uliopita paa kama mjomba mrefu kwenye picha ya familia. Huku maua mekundu, kule meupe, na yote majani mabichi, ingawa kiangazi kilikuwa kimekausha mji mpaka mbuzi wanakula magazeti. Teleza alijificha humo hadi hasira za fundi zipoe, na kwa kuwa hakuwa na kazi, hali aliyoizoea, aliangalia maua. Kichaka kimoja kilimshangaza. Ua lake lilifunguka zambarau, kesho yake likafifia, keshokutwa likawa jeupe pe. Kisha likafunguka jingine, mambo yakawa yale yale.

Mtu mwingine angemsifu Muumba akaenda zake. Teleza aling'oa machipukizi.

Haukupita muda, mji mzima ulikuwa na habari za mti wa kupima waongo, ambao Teleza aliuuza ukiwa kwenye kopo. Unamsimamisha mshukiwa mbele ya ua bichi la zambarau, anasema lake, mnasubiri. Akiwa mkweli, ua linabaki na rangi yake. Akiwa mwongo, linapauka kwa aibu. Wenye maduka waliwanunulia wauzaji wao, wake waliwanunulia waume, na mwenye mashine ya kusaga alinunua miwili, mmoja wa mkewe na mmoja wa shemeji yake. Hakuna aliyerudi kulalamika. Kila mnunuzi alithibitishiwa jambo alilokuwa akiliamini tangu mwanzo, na mteja wa namna hiyo hadai kurudishiwa chake.

Mmoja tu ndiye aliyemponza. Mama Vikombe, mjane mwenye mgahawa nyuma ya soko, alinunua mti bila kuomba kupunguziwa, akauweka kaunta, akamkaribisha chai. Teleza alirudi kesho yake kunywa nyingine. Akarudi tena na tena, mpaka siku moja akajikuta anaosha vikombe vya watu bila kulazimishwa, akajua yamemfika. Alimpenda, na hilo halikuwamo kwenye mipango. Akamletea friji jipya alilolinunua kwa pesa halali, na muuzaji, aliyemjua vizuri, alizikagua noti hadi mkono ukamchoka. Halafu akamwomba wafunge ndoa.

Mama Vikombe aliendelea kufuta kaunta. "Sema mbele ya mti," alimwambia.

Ua la zambarau lilikuwa limefunguka asubuhi hiyo hiyo.

"Nampenda mama huyu," aliliambia ua, "na nataka kumuoa."

Hakuwa amewahi kusema ukweli mtupu namna ile tangu azaliwe. Hebu mwonee huruma kidogo, msomaji. Akinyamaza, ua litamtangaza mwongo mbele ya mwanamke pekee aliyemtaka. Akieleza kwamba ua hilo hupauka hata mbele ya mtoto mchanga, atakuwa amejitangaza mwenyewe. Kisima alikichimba kwa mikono yake, na sasa alikuwa chini anatazama juu.

Akachagua njia aliyoizoea. Kesho yake, ua lilipoanza kufifia, Mama Vikombe akiwa jikoni na wateja wameinamia sahani zao, alilichomoa, akafunga jingine la zambarau kutoka kule uani kwa uzi mwembamba wa kijani. Ilikuwa kazi safi, hata nyuki angeingia mkenge.

Mama Vikombe alipotoka alivuta kiti, akalitazama ua.

"Halijapauka," alisema.

"Si unaona mwenyewe, mama. Moyo wangu hauna doa."

"Nimetaja jina la marehemu mama yangu mbele ya mti huu, ua likapauka," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeuambia jua huchomoza asubuhi, likapauka. Halijawahi kumwacha mtu. Nilijua ulichoniuzia kabla hujaja kunywa chai ya pili."

Akaugeuza mti, akautafuta uzi kwa ukucha, akauvuta. Ua lilidondoka kwenye kisahani.

Teleza aliuliza kwa nini basi alimkaribisha siku zote hizo.

"Nilikuwa nakusubiri. Ungekuja na ua jeupe ukaniambia, 'Mama, nilikudanganya, hili hupauka kwa yeyote,' leo hii ningetuma watu wakawaite ndugu zangu."

"Lakini nilisema kweli. Nakupenda kweli."

"Huenda," alisema Mama Vikombe, na macho yalikuwa yamemlowa. "Sasa mimi nitajuaje?"

Moyo ulimuuma, na Teleza hakuwa na zoea la kuumwa mahali pale. Alisimama, halafu ile tabia yake ya zamani ikamkumbusha kwamba asiondoke mikono mitupu. Akasema, kwa aibu kidogo, kwamba kama mambo ndiyo hayo, basi achukue friji lake.

Mama Vikombe alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akausogeza mti hadi ukingoni mwa kaunta. Kwenye tawi la chini ua jipya la zambarau lilikuwa limefunguka. Akapaza sauti, na wateja wote wakageuza viti.

"Bwana huyu anasema friji ni lake. Haya, baba, sema mbele ya mti."

Teleza alilitazama ua, akawatazama wateja, akachukua kofia yake akatoka.