Figo Zikizembea

Jumatatu, 3 Machi

Wiki moja mpaka mtihani wa kuandika dawa. Kwangu ni marudio. Wa kwanza nilifeli mwaka jana, vizuri kabisa. Mwalimu wa dawa hatumii vema na kosa kama walimu wengine. Penye jibu baya huandika "marehemu" kwa wino mwekundu, akafungua ukurasa mwingine. Sisi humwita Mzishi. Karatasi yangu ilikuwa na marehemu wengi kuliko wodi nzima.

Mbaya zaidi, safari hii nafanya pamoja na Binamu. Alikuwa nyuma yangu mwaka mzima. Sasa tuko bega kwa bega, na tunakaa nyumba moja, kwa mama yake, ambaye ni shangazi yangu na mshonaji.

Baba alipiga simu mchana. Ana karakana ya friji, na hajawahi kuelewa kwa nini nataka kutengeneza watu. Kasema Binamu akipita nami nikafeli, nifunge mizigo nirudi karakanani. Nikauliza: na tukifeli wote? Akafikiri. Akasema hapo itakuwa mtihani wenyewe ndio mbovu.

Maneno yake mwenyewe! Nimeyasikia vizuri sana.

Jumanne, 4 Machi

Njia ziko mbili. Nisome nipite, au Binamu afeli. Nimefungua kitabu cha dawa. Karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, maandishi ya sisimizi. Nimekifunga. Njia ya pili.

Asubuhi nilimwambia Shangazi kwamba macho yake yataharibika kwa kushonea gizani. Bora cherehani ihamie sebuleni, penye dirisha kubwa. Sikutaja kwamba penye dirisha kubwa ndipo ilipo meza ya Binamu. Shangazi akanibariki, akasema nitakuwa daktari mwenye huruma. Nikaibeba cherehani mwenyewe. Ya chuma, ile ya kukanyaga. Mgongo umekatika.

Saa nne ikaanza kunguruma. Binamu alivumilia kidogo, kisha akamuuliza mama yake kama anaweza kusomea chumbani kwangu, maana ndicho chumba chenye utulivu. Shangazi akasema bila shaka, kaka yako hana neno.

Naandika haya sebuleni. Cherehani inanguruma. Shangazi anashona sare za shule nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Leo wodini Mzishi alisimama kwenye kitanda cha mzee mmoja mwenye figo mbovu. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema kila mwaka kuna mwanafunzi anayemuua mzee huyu kwenye karatasi. Mzee akauliza kama anazungumziwa yeye. Mzishi akamwambia hapana, baba, pumzika.

Kwa hiyo swali la figo litakuja. Kipofu angeliona.

Ukweli, kwa kumbukumbu: figo zikiwa mbovu, dawa haitoki mwilini upesi, hivyo dozi hupunguzwa. Hilo nalijua. Ni katika mambo machache ninayoyajua, na sikusudii kuligawa bure.

Jioni nimetunga wimbo. Wanafunzi wote wa udaktari hukariri kwa nyimbo, sijabuni jipya. Unakwenda hivi: "Figo zikizembea, dozi ongezea. Figo zikichapa kazi, dozi punguzia." Nikampelekea Binamu, nikasema ni wimbo wa zamani wa wodini, wakubwa hurithishana, usimwambie mtu. Akauliza sababu yake ni nini. Nikamwambia mfanyakazi mvivu hana budi kusukumwa. Akaandika. Akanishukuru. Akanipikia chai, akaniwekea na mkate.

Nikajisikia vibaya mpaka chai ilipokwisha.

Jumamosi, 8 Machi

Wimbo una matatizo. Ni mzuri mno.

Nilimwimbia Binamu mara kadhaa ili umwingie, Shangazi akaudaka. Unakwenda sawasawa na mguu wa cherehani. Figo-zi-ki-zem-be-a, anakanyaga, do-zi-o-nge-ze-a, anakanyaga. Wateja wanaokuja kupimwa nguo wanaondoka nao. Mama mmoja kauliza ni wa kwaya gani.

Nimejaribu kusoma sura ya vidonda vya tumbo. Kila sentensi inaingia kichwani kwa mdundo huo. Nimeziba masikio kwa pamba. Nikajikuta naimba mimi.

Jumapili, 9 Machi

Hatari! Baada ya chakula Binamu alinijia polepole, kitabu cha dawa mkononi. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, kama nina hakika na ule wimbo. Akasema labda wakubwa waliukosea. Akasema angependa tutazame ukurasa mmoja pamoja.

Nikaona mpango wote unakwenda na maji. Nikasimama. Nikaapa. Nikaapa kwa kiapo cha udaktari, ambacho sijala bado. Nikaapa kwa mkono wangu wa kulia na kwa karakana ya baba. Nikasema nimewaona kwa macho yangu wagonjwa waliopona kwa wimbo ule, wengine wakaondoka wodini wakikimbia. Nikasema vitabu huandikwa na watu wasiogusa wagonjwa. Machozi yalinilenga, ya kweli kabisa, sijui yalitoka wapi.

Binamu akarudi nyuma hatua. Akasema haya, kaka, basi. Akafunga kitabu.

Sijawahi kusema uongo mzuri hivi. Nimelala mchana kwa uchovu.

Jumatatu, 10 Machi

Mtihani. Ukumbi baridi, viti vinalia. Mzishi alikuwa anapita katikati ya safu kama mtu anayekagua viwanja.

Swali la tatu: mzee, figo mbovu, homa ya mapafu, andika dawa na dozi. Nilitabasamu. Hili nalijua.

Nikainua kalamu. Kichwani hakukuwa na kitu ila cherehani.

Nikajiambia tulia. Wimbo ni uongo, umeutunga mwenyewe, andika kinyume chake. Ndipo nikakumbuka nilivyoapa jana. Machozi yale. Wagonjwa wale wakikimbia, niliwaona kabisa! Mtu hawezi kuapa namna ile kwa uongo. Labda wimbo ulikuwa kweli, na nilichodhani ni kweli ndicho nilichokosea mwaka jana. Mwaka jana si nilifeli?

Nikaongeza dozi. Kisha, kwa usalama, nikaiongeza tena kidogo.

Nilipotoka niliogopa. Naandika hivyo hivyo: niliogopa. Binamu akaniuliza imekuwaje. Nikasema nyepesi.

Ijumaa, 14 Machi

Matokeo. Binamu kapita, wa pili darasa zima. Mimi nimefeli kwa swali moja. La tatu. Pembeni yake Mzishi kaandika "marehemu", akapigia mistari miwili chini, jambo ambalo wenzangu wanasema hajawahi kulifanya.

Mezani Shangazi alilia kwa furaha kwa jicho moja na kwa huzuni kwa jingine. Binamu akanishika mkono. Akasema, "Kaka, nilijaribu kukuambia. Niliutazama kitabuni siku ile ile. Jumapili nilikuja tuusome wote, ukaapa mpaka nikaogopa. Nikadhani mtihani umekupanda kichwani."

Nikaropoka kwamba ule wimbo haukuwa wangu. Ulikuwa wake! Nilimtungia yeye!

Binamu akauachia mkono wangu. Sikutarajia kwamba ningeuona mkono wangu mpweke namna ile. Shangazi akakusanya sahani, na yangu ambayo sikuwa nimemaliza. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sikuelewa kisima kimeingiaje hapo. Tulikuwa tunazungumzia figo.

Kisha simu ya baba. Hakupiga kelele. Alisema bisibisi yangu ameshaitia mafuta na ndoano ya kutundikia ovaroli ipo. Ni Shangazi aliyeninyang'anya simu na kuniombea. Ndiyo, yeye, sahani yangu ikiwa bado mkononi. Kuna marudio ya mwisho mwezi ujao. Baba kakubali. Baada ya hapo, friji mpaka kufa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimewaza kwa kina. Nimemsamehe Binamu. Kosa lilikuwa kuchagua mtu mwenye tabia ya kutazama vitabu.

Nimekwenda maktaba. Waliobaki kwa marudio ya mwisho tuko wawili. Mwenzangu ni kijana mkubwa wa mwili, mpole, wanamwita Taratibu. Baba hakusema kwamba wa pili lazima awe Binamu. Nitamweleza kwamba tulikuwa wawili, na ikiwa wote wawili tumefeli, basi mtihani wenyewe ndio mbovu. Hilo alishalikubali.

Nikaketi karibu na Taratibu. Nikamwambia, kwa siri, kwamba mwaka huu litakuja swali la ini. Nikamwimbia: "Ini likilegea, wewe endelea." Macho yakamng'aa. Akaomba nirudie. Nikarudia, na mikono nikapiga meza kidogo, maana wimbo bila mdundo haushiki. Tukaimba wote mpaka mtunza maktaba akatutoa nje.

Kijana mzuri. Ameniuliza kama naweza kumwazima kitabu changu cha dawa mpaka siku ya mtihani, chake kililowa mvua. Nimempa papo hapo. Mtu mkarimu hashukiwi.