Wingu Lenye Geti

Habari hii nimepewa na mjukuu wangu Jumatano iliyopita, tukichambua maharage kibarazani. Yeye si mtu wa kutia chumvi. Ameajiriwa na serikali.

Basi, tangazo lilisomwa na Mkuu wa Idara mwenyewe, amesimama juu ya kiti: "Kuanzia leo, uso wa ardhi hautabadilika bila idara hii kujua!" Watu wakapiga makofi. Ardhi haikusema kitu, ikaandikwa kwamba imekubali.

Kazi ya mjukuu wangu ni kuunganisha picha za setilaiti. Huko juu ziko mbili. Moja ina macho makali, huona hadi banda la kuku, lakini hupita mara mbili tu kwa mwezi. Nyingine hupita kila siku, ila huona kama mimi nikikosa miwani. Wakaziozesha: huyu atoe macho, huyu atoe miguu. Ndoa hiyo ndiyo inayoiambia serikali wapi msitu umekatwa na wapi maji yamekauka.

Adui wa ndoa ni wingu. "Wingu halina kibali cha kukaa kwenye picha ya serikali," Mkuu akasema. Akaagiza kila palipo na wingu pabandikwe kiraka, yaani kipande cha picha ya zamani, na kisibanduliwe bila sahihi yake. Nchi nzima ikawa haina mawingu. Mvua ikaendelea kunyesha hivyo hivyo, bila kibali.

Siku ya kupiga picha mtaa wetu, wingu lilikuwa juu yangu. Nikabandikwa kiraka cha miaka mitatu nyuma, kabla sijajenga. Maofisa wawili wakaniletea barua, mmoja mrefu, mmoja wa kuhema: "Kwa kuwa hapa hapana nyumba, nyumba iliyopo iondolewe ifikapo Ijumaa."

Nyumba hiyo nimeijenga kwa akiba ya kushona mashuka ya hospitali miaka kumi na mmoja. Lakini wageni ni wageni. Wakakaa kwenye viti vyangu, wakanywa chai yangu.

"Shikamoo bibi. Tumekuja kuthibitisha kwamba hapa ni kichaka."

"Marahaba wanangu. Sukari inatosha?"

"Inatosha, bibi. Kichaka cha miiba," mrefu akasoma.

"Na hicho kiti ulichokalia?"

Akainuka kidogo, akakitazama, akakaa tena. "Hakimo kwenye picha."

"Bibi, usijichoshe kubishana na setilaiti," wa kuhema akasema. "Hata sisi tunakuonea huruma. Kuna nyingine ya moto?"

Mjukuu wangu akaenda kwa Mkuu. "Bosi, bibi yangu anaishi kwenye hicho kichaka."

"Picha inamwona?"

"Kiraka kimemfunika."

"Basi haishi. Anajihisi tu yupo."

Mjukuu akarudi mezani kwake, akafungua orodha ya viraka. Akakuta kimoja kinachobandikwa upya kila wiki, mwaka wa tatu huu, kwenye kinamasi kinacholisha mji mzima maji, mahali pasiporuhusiwa hata kupanda mchicha. Sababu: wingu la kudumu. Sahihi: Mkuu wa Idara.

"Wingu gani hilo," nilimuuliza, "likae miaka mitatu pahali pamoja na lisikojoe?"

Alicheka tu.

Ikatokea kwamba Waziri anakuja Alhamisi, na anataka kuona picha ya asubuhi hiyo hiyo. Asubuhi yenyewe ikaamka nyeupe, bila hata uzi wa wingu. Sasa, Mkuu ana desturi ya kutia sahihi huku anaongea na simu, maana kusoma ni kazi ya walio chini. Mjukuu akamwekea karatasi: ombi la kubandua viraka vyote, ili Waziri ajionee jinsi anga lilivyotii. Mkuu akaitia sahihi, na muhuri juu.

Picha ikatundikwa, imejaa ukuta. Nyumba yangu imo, bati la bluu, na banda la kuku. Waziri akapita, akasimama, akaweka kidole kinamasini.

"Hiki nini?"

"Wingu, Mheshimiwa."

"Wingu la vigae?"

"Mawingu ya siku hizi, Mheshimiwa..."

"Yana bwawa la kuogelea? Na geti?"

Mimi jioni nikaletewa barua: "Nyumba yako imeonekana. Unaruhusiwa kuendelea kuwepo." Mkuu naye akapata yake, ile ile niliyopata mimi mwanzo, kwani idara ina barua moja tu ya kuondoa nyumba: kwa kuwa hapa hapana nyumba, iliyopo iondolewe ifikapo Ijumaa. Na Ijumaa ni kesho yake.

Ijumaa wale wawili wakaenda, mrefu na wa kuhema. Wakakaa kwenye viti vyake, wakanywa chai yake, wakamsomea kwamba hapo pana matete na vyura. Mkuu hakubisha. Alitoa kiti nje, akakaa uso juu, anatafuta wingu. Anga kavu. Akangoja hadi alasiri, shingo ikachoka, akasinzia papo hapo kitini, mdomo wazi.

Maofisa hawakutaka kumsumbua. Wakaandika: "Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na mtu."