Lenzi Tatu, Chumba Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Leo bahati imeingia studio yangu ikitaka picha za pasipoti. Ni dalali wa nyumba, mtu wa shingo nene na simu mbili. Nikampandisha kiti kidogo, kidevu cha pili kikapotea, akafurahi. Ndipo akafunguka: ana jengo jipya la ghorofa nne, fleti ndogo ndogo ishirini na nne, anatafuta mpiga picha wa kuzitangaza mtandaoni. Atakayemfurahisha atapewa kazi zake zote. Zote!

Kuna doa moja tu. Amemwambia na shemeji yangu. Ijumaa tutapiga chumba kimoja sote wawili, mshindi achukue jengo.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, naye mpiga picha. Mtaa mzima wanamwita Bazuka kwa ajili ya lenzi yake, ndefu kama chupa ya chai. Mwezi jana, nyumbani kwake, nikiwa nimeshiba, nilikubali kwamba studio yangu isipopata kazi ya maana hadi mwisho wa Machi, nitaifunga nikamshikie mwavuli wa taa. Ahadi ya mtu aliyeshiba si ahadi. Mke wangu anasema ni ahadi.

Mimi, kumshikia Bazuka mwavuli! Heri nikauze mkaa.

Jumanne, 4 Machi

Nina mkakati. Fleti ni ndogo. Lenzi yangu ya milimita hamsini ikiingia chumba kidogo inaona mto wa kitanda tu. Bazuka na zigo lake hataweza hata kugeuka. Ninachotaka ni lenzi pana, fupi, nyepesi, ya kukaa mfukoni. Isiyovuta wala kusukuma: ukitaka kukaribia, unatumia miguu yako. Kamera yangu ni ya kisasa, haina kioo ndani, na kihisi chake cha kunasa mwanga ni kile kikubwa. Inastahili mavazi mema.

Nimekwenda kwa fundi kamera, mama mmoja mwenye kibanda cha lenzi zilizotumika. Akanipa tatu nizijaribu: thelathini na tano, ishirini na nne, ishirini. Namba ikipungua, lenzi inaona mapana zaidi. Nitakayoipenda tutabadilishana na hamsini yangu. Akataka dhamana. Nikamwachia pasi ya umeme ya mke wangu. Mke wangu ni mshonaji, tunagawana chumba cha studio kwa pazia, na pasi ya mkaa anayo pia, kwa hiyo sikuona ubaya.

Fundi alinishauri nichukue ishirini na nne na nishike kamera sawasawa, basi. Akasema ishirini ni tamu lakini ina hila: vya mbele inavikuza, vya nyuma inavisukuma mbali, na vya pembeni inavinyoosha. Akarudia mara mbili, akiniita baba. Nikatikisa kichwa kwa uso wa mtu anayesikiliza.

Nimerudi kwa miguu na lenzi tatu kwenye mifuko ya koti. Hakuna hata mmoja aliyejua! Ile ishirini ni ndogo kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya majaribio, sebuleni kwetu.

Thelathini na tano: nusu ya kochi. Nikarudi nyuma, robo tatu. Nikarudi nyuma tena, nikaangukia kwenye ndoo. Imefeli.

Ishirini na nne: sebule yote, mistari imenyooka, kila kitu mahali pake. Na hapo ndipo penye shida. Ilionekana kama sebule yetu.

Ishirini: ikulu! Kutoka kochi hadi dirisha ungeweza kufanya mbio za magunia. Mke wangu akauliza hapo ni kwa nani. Nikajua nimefika.

Bahati mbaya, mama mkwe alikuwa amekaa pembeni ya picha, na pembeni mambo yalimwendea mrama. Kichwa kilirefuka kuelekea mlangoni, bega likaja nyuma yake. Akaomba kuona. Akatazama kwa muda, akauliza kwa upole mwanawe anatumia lenzi gani. Mwanawe ni Bazuka.

Jioni mke wangu alitafuta pasi. Nikasema iko kwa fundi. Si uongo. Akasema haikuwa imeharibika. Nikasema ndivyo zinavyoanza. Akanitolea macho, akanyoosha nguo alizoshonea kwaya kwa pasi ya mkaa, sare kumi na moja, na kila alipomaliza moja alitaja jina langu lote, la ubatizo na la babu. Kisha akasema mchagua jembe si mkulima. Nikamjibu kwamba aliyetunga methali hiyo hakuwahi kupiga picha bafuni.

Ijumaa, 7 Machi

NIMERAMBA DUME!

Tulikutana fleti namba tatu. Chumba kimoja chenye kitanda, jiko kwenye kona, choo nyuma ya mlango. Bazuka alitangulia. Akatoa lenzi. Akarudi nyuma, akagonga ukuta. Akatoka nje akapiga kupitia mlangoni, akapata mlango. Mwisho akapiga bomba la maji na kitasa, akasema siku hizi watu wanapenda vitu vidogo vidogo. Dalali akatazama saa za simu zote mbili.

Nikaingia mimi, mikono mitupu, kama mtu aliyekuja kusalimia. Nikatia mkono mfukoni, ishirini ikatoka. Nikajibana kwenye kona, kamera kifuani, sawasawa kabisa, klik. Dalali alipoona picha alicheka kwa sauti. Ukumbi! Sinki liko mbali kiasi cha kutaka nauli. Akauliza kama chumba ni hikihiki. Nikamwambia lenzi haisemi uongo, ina ukarimu tu. Akanipa mkono papo hapo.

Bazuka alifunga mkoba. Nilimhurumia kwa dakika moja hivi.

Jumapili, 9 Machi

Fleti zote nimepiga jana. Picha ziko mtandaoni. Viatu vyangu vimeingia kwenye picha tisa, lakini dalali anasema vinaleta hali ya nyumbani. Mpangaji wa kwanza amepatikana leo: mwalimu wa muziki anayehamia kutoka mbali, amelipa kwa kutazama picha tu, hajafika. Dalali ananiita mshirika.

Mke wangu aliifuata pasi mwenyewe. Fundi alimpa bila maswali, naye akanipa salamu za fundi: nimechagua ipi? Nimemwandikia kwamba matokeo yatasema.

Jumanne, 11 Machi

Nimeitwa saa tano. Dalali alikuwa analia kwenye simu, au anafoka, sikuweza kutofautisha.

Mwalimu wa muziki amekuja fleti namba tatu na piano. Kubwa, nyeusi, ya baba yake. Alipima kwa picha, akahesabu kwamba ingekaa dirishani na bado abaki na nafasi ya wanafunzi sita. Vijana wanne wa mizigo waliisukuma huku dalali akiwa ndani akiwaelekeza. Ikaingia nusu, ikakwama mlangoni. Haiendi mbele, mbele kuna kitanda. Hairudi nyuma, imeng'ang'ania fremu ya mlango. Dalali yuko ndani na piano ndiyo mlango.

Nikachungulia kwa juu ya piano. Dalali alikuwa amekaa juu ya sinki, magoti yamefika kitandani. Kwa mara ya kwanza nilikiona chumba kwa macho matupu. Niliona aibu, naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Akaniambia kwa utulivu wa kutisha kwamba akitoka atanifukuza kazi. Nikamshauri asiharakishe kutoka.

Mwalimu hakunigombeza. Mzee mpole, mnene kidogo. Alikaa koridoni juu ya sanduku lake, akatazama upande wa piano uliobaki nje, akasema polepole, "Vibonyezo vyenyewe viko huku kwetu." Akaanza kupiga. Mkewe, aliyekuja naye, akaimba. Milango ikafunguka juu na chini, mafundi rangi wakaja na brashi zao, mama mmoja na kapu la nguo, hata vijana wa mizigo wakakaa sakafuni. Ndani dalali akaacha kufoka. Baadaye tukamsikia anaitikia, sauti ya pili, nzuri ajabu.

Nikataka kupiga. Ishirini nilikuwa nimemwachia mke wangu anishonee kimfuko. Mfukoni mlikuwa na thelathini na tano. Hainipi watu wote! Ikabidi nisogee karibu sana, goti kwa goti, nikapata mikono ya mwalimu, uso wa mkewe, fundi rangi mmoja amefumba macho. Picha moja tu. Saa tisa seremala akaja kung'oa fremu ya mlango.

Nimefukuzwa kazi. Mwisho wa Machi ni siku ishirini tu.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu ameichapa ile picha ya koridoni bila kuniuliza, kubwa, ameibandika dirishani upande wake wa pazia. Hadi mchana watu walikuwa wamesimama nje. Fundi rangi amekuja kumwonyesha mama yake, mama akataka na yeye apigwe hivyohivyo, kwa karibu. Baada yake wakaja wengine, sita kwa jumla! Mke wangu alikaa muda mrefu mbele ya picha ile, halafu akasema hakujua kama ninaweza. Nikajifanya napanga viti. Jioni amemtumia kaka yake ujumbe kwamba mwavuli wake autafutie mtu mwingine.

Studio yangu haifungwi. Haifungwi!

Alhamisi, 13 Machi

Bazuka amechukua kazi ya jengo. Amekwenda kwa fundi, amesikiliza ushauri, amebadilisha lile zigo na ile ishirini na nne niliyoirudisha. Picha zake zinaonyesha chumba kama kilivyo, hatua nne kwa tatu. Maskini. Wengine hawana ndoto.

Nami, baada ya kuzirudisha zote tatu jana, nilikwenda kumaliza hesabu ya lenzi. Fundi alikuwa ameshaniwekea thelathini na tano juu ya meza, ameifuta, ameifungia kifuniko. Akauliza kama picha ya dirishani ni ya hiyo. Nikasema ndiyo, na tazama ilivyoninyima! Watu zaidi ya ishirini koridoni, ikanipa sura mbili, mikono na kipande cha piano. Akaniita baba, akaniomba nifikirie upya. Nimefikiri. Kosa langu lilikuwa woga: ishirini ni upana wa mtu anayesitasita. Juu ya rafu palikuwa na kumi na tano, fupi, nyeusi, inaingia mfuko wa shati. Nimempa hamsini yangu, nimeichukua.

Kesho saa nne kwaya yote inakuja kupigwa picha na sare zao mpya, watu kumi na mmoja, na mwalimu na mkewe wameomba wajumuike. Studio ni ndogo, lakini kwa kumi na tano watapanga mstari mmoja na nafasi itabaki. Mwalimu na mkewe nimewapangia ncha mbili za mstari, kama wageni wa heshima.