Bihogo Kaandikwa Mbuzi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Winfrida, mjukuu wangu, kama umefika na unapekua chini ya godoro langu, ona aibu. Gungu mpaka hapa Simbo ni nauli ya bodaboda tu, lakini tangu masika sijauona uso wako. Tumbo lako linakua, mimi nasikia kwa watu! Haya, soma. Herufi zangu nilifundishwa kanisani, usicheke.

Bihogo, ng'ombe wetu, kaibwa mchana kweupe. Na mashine! Siku walipokuja kuvalisha mifugo hereni za utambuzi nilimficha kwa jirani Nikodemu. Mtu mwenye akili hatoi ng'ombe wake ahesabiwe na wageni. Nyumbani nikabakiza mbuzi mwenye kikohozi, waandike huyo, wanihurumie. Leo namfuata Bihogo, Nikodemu ananiuliza ng'ombe yupi. Kamvalisha hereni kwa jina lake! Thobias, bwana mifugo, kasogeza kimashine chake sikioni, kikalia kama kifaranga. Mwenye ng'ombe: Nikodemu. Nikamwambia mama yake Bihogo alinunuliwa na babu yako. Kasema mashine haimjui babu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata akili. Nikodemu kaenda Ujiji sokoni, Bihogo kafungwa bondeni. Nikashuka na koleo na mbuzi wangu. Si ana hereni yenye jina langu? Nimezikata zote mbili, nikazibadilisha, nikazishona kwa uzi wa nyavu. Bihogo hakurusha hata teke. Yeye anamjua mwenyewe.

Nimemwomba mwenyekiti wa kitongoji aje keshokutwa na Thobias, wapime upya. Kibuyu cha maziwa nimeshakiosha. Mwanao hatalelewa kwa uji mtupu, mimi nikiwa hai.

Ijumaa, 10 Oktoba

Watu walijaa kama msibani. Kimashine kikalia. Thobias kasoma: mwenye mali, mimi. Nikapiga kigelegele.

Mapema mno. Kumbe kinamtaja na mnyama! Mbuzi, kasema. Jike. Bihogo, na mapembe yale! Mwenyekiti alicheka mpaka akakaa chini. Wakampima mbuzi: ng'ombe, wa Nikodemu. Nikasema haya, mashine imeamua, achukue ng'ombe wake huyo anayekohoa.

Nikodemu kanijibu polepole: "Mama Adolf, nenda kakamue mbuzi wako."

Hakuna aliyenitetea. Hata wale niliowanyweshea watoto maziwa ya Bihogo walipougua surua. Mwenyekiti kasema nishukuru sipelekwi polisi. Bihogo kaswagwa. Kageuka mara moja, kalia. Ugali umenishinda.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani wametangaza: wiki ijayo kuku watachanjwa na kuandikwa. Hawanipati tena! Kosa langu nimeshaliona. Kosa lilikuwa Nikodemu. Kuku wote nimewapeleka kwa Oswald, mdogo wake, maana hao wawili hawasalimiani. Nyumbani nimebakiza jogoo kilema, waandike huyo.

Ukija, usianzie kwangu. Pitia kwa Oswald. Wenye uzi wa nyavu mguuni ni wetu. Wahesabu kimoyomoyo, kisha njoo na mmoja nikuchinjie.