Kahaba Aliyekatazwa Kufa

Dodoma, Jumatatu, 22 Januari 1912

Nafasi ni moja tu! Mwalimu Abbasi ametangaza kwamba atakayeng'ara kwenye mchezo wa sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari wa Wajerumani, Jumamosi, atapanda treni kwenda kusomea ualimu pwani. Wa kushindana tuko wawili: mimi na Silvano. Mimi ninasoma vitabu. Silvano anasoma nyuso za watu.

Mchezo ninautunga mimi. Unamhusu kahaba wa mji wa kale. Vitabu vya Mwalimu vimejaa wanawake hao: wote warembo, wote wanalia, wote wanakufa ukurasa wa mwisho. Wangu nitamuua vizuri zaidi. Atakufa kwa aibu, baada ya kusikia hotuba ya Jemadari. Jemadari ni mimi. Kahaba ni Silvano. Atavaa kanga mbele ya Dodoma nzima! Nimecheka peke yangu mpaka nikapaliwa.

Jumatano, 24 Januari

Silvano amekubali! Hata hakunung'unika. Ameuliza tu huyo mwanamke anapenda kula nini. Swali la kijinga. Nimemjibu kwamba vitabuni hawali.

Kanga sina. Nimekwenda kwa Bi Mwamvua, nyuma ya stesheni, ambaye watu humsema vibaya wakiwa mbali naye. Shikamoo yangu ilitoka nyembamba kama ya panya. Akauliza kanga ya nini. Nikaeleza huku nikitazama vidole vyangu vya miguu. Akataka kujua mwisho wa huyo mwanamke. Nikasema anakufa. Kwa ugonjwa gani? Nikasema ndivyo vitabu vinavyofanya.

"Haya, mwanangu," akasema. "Yeye afe, kanga yangu irudi."

Ijumaa, 26 Januari

Hotuba tayari. Ndefu, tamu! Nimewahutubia mbuzi wa jirani bila kutetemeka hata kidogo. Mmoja alisikiliza mpaka mwisho. (Alikuwa amefungwa kamba.)

Silvano hajifunzi maneno yake. Anashinda sokoni akitazama akina mama wanavyokaa na wanavyocheka. Amekwisha huyo!

Jumamosi, 27 Januari

Balaa.

Silvano alitoka na kanga yake, akaketi chini, akaanza kuchambua mboga ya mlenda. Mlenda! Hakuna mlenda kwenye mchezo wangu! Akasimulia, kama anayeongea na jirani, jinsi njaa ilivyowamaliza ndugu zake, naye akabaki peke yake mjini. Akina mama wanapangusa macho. Nikaingia na upanga wangu wa mti. Sauti ikanitoroka. Nilisema "Ewe mwanamke," basi.

Hapo akasimama Mzee Chidumizi, mfugaji wa kijiji cha Zuzu. Akauliza kama binti huyu hana ndugu wa kumsemea. Akaniuliza mimi kosa lake ni lipi na faini yake kiasi gani. Sasa, kwa Wagogo faini ikilipwa kesi imekwisha, na anayeendelea kufoka ndiye mkosaji.

"Natoa ng'ombe!" akasema. "Tangu leo huyu ni binti yangu."

Mama mmoja akaongeza mbuzi. Bi Mwamvua akatoa kuku, akapiga kigelegele. Nikanong'ona kwamba hotuba bado. Wakanizomea: "Kaa chini, jemadari! Kesi imekwisha!" Silvano akapiga magoti, akamshukuru baba yake mpya. Hakufa! Mwalimu Abbasi alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Jumapili, 28 Januari

Anakwenda Silvano.

Asubuhi Mzee Chidumizi kaleta ng'ombe kweli, kuja kumchukua binti yake. Akaonyeshwa mvulana. Akamzunguka, akamtazama vizuri, akasema basi, amepata mwana. Ng'ombe achinjwe, mwanawe aagwe. Nyama ilikuwa tamu sana, na hilo limeniudhi.

Mwalimu aliniita pembeni. Akasema mwakani ipo nafasi nyingine. "Mwanangu Zaidi, unaandika vizuri, ila mtazame mtu kwanza ndipo umwandike." Nikamshukuru. Nimefikiri mchana kutwa, na kosa nimeliona. Kahaba alichelewa kufa! Ukimpa muda wa kuchambua mboga, watu watampenda tu.

Mchezo mpya nimeshauanza. Pazia linafunguka, kahaba yumo kaburini tayari, Jemadari anahutubia mpaka mwisho. Wenye ng'ombe watakaa nje.