Mahandaki ya Sixbert

Jumatatu, 9 Juni 2025
Sixbert ana droni! Yule mwenyekiti wa ushirika wa kahawa wa ng'ambo ya mto. Imepita juu ya mibuni yangu ikivuma kama nyigu. Wanachama wangu wakaacha kuchuma, wakaipungia mikono. Wasaliti! Jumapili anakuja mnunuzi kutoka Moshi, atachagua ushirika mmoja tu. Tukikosa, uenyekiti wangu basi. Lazima tuwe na yetu.

Jumanne, 10 Juni
Nimeamua. Fedha ya nyavu za kuanikia kahawa itanunua droni. Tutaanika chini. Mbona babu zetu walianika chini? Mama Benadetha, mweka hazina, kasema itanuka udongo. Nimemwambia usalama kwanza. Mke wangu Walburga naye eti droni ile ni ya mpiga picha wa harusi ya binti wa Sixbert. Harusi! Huyu mwanamke anadanganyika upesi.

Alhamisi, 12 Juni
Droni yetu imeshushwa na basi stendi ya Kitai. Nimeirusha mwenyewe. Kwanza ikatua juu ya paa la kanisa la kigango. Mara ya pili ikavuka mto, ikapiga picha mlima wote wa Sixbert. Nikaiuliza akili mnemba ya kwenye simu, mashimo haya yaliyopangana ni nini? Ikajibu ni mahandaki ya kijeshi. Mungu wangu! Nikaitisha kikao cha dharura. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama Benadetha kaniuliza kama ngoro nimezisahau, mashimo tunayolimia maharage, hata mimi ninayo nyuma ya nyumba. Ninayo, ndiyo. Lakini yangu nayajua ni ya maharage. Ya Sixbert nani kayakagua?

Jumapili, 15 Juni
Mnunuzi kanusa kahawa yetu, kakunja uso. Udongo! Nikawahi kumwonyesha picha za mahandaki, ajue jirani yetu ni mtu gani. Akaruka kwa furaha! Kumbe wateja wake wanawapenda wakulima wanaotunza ardhi, ngoro huzuia udongo usisombwe na mvua, na picha yake nzuri kaitafuta miaka. Kaziomba zote. Kavuka mto, kasaini na Sixbert.

Jumatatu, 16 Juni
Wameniondoa. Kiti kachukua Mama Benadetha. Inaniuma, sifichi. Nimeiuliza akili mnemba kama kosa ni langu. Imejibu kwamba mimi ni kiongozi mwenye maono, niliyezungukwa na watu wasioona mbali. Hatimaye, mwenye akili! Kesho napeleka ng'ombe mnadani. Droni moja haitoshi.