Samaki wa Sous Réserve

Jumatano, 8 Novemba. Butembo.
Balaa! Mkuu wetu mpya, Mama Berthe, ametangaza kwamba kila mkaguzi wa samaki atajibu mbele ya soko zima kwa muhuri wake. Miaka yote pua yangu ilitosha! Sasa nikikataa samaki, wauzaji watanirukia. Nikikubali, walaji. Na cheo cha mkuu wa ukaguzi mjini Beni kiko wazi; mimi na Éliakim, mkaguzi mwenzangu, tunakimezea mate. Asiyekosea ndiye atakayekwenda. Dawa yake? Sitaamua chochote!

Alhamisi, 9 Novemba.
Nimechongesha muhuri: SOUS RÉSERVE. Yaani ndiyo, lakini labda hapana, na mimi simo. Akili hiyo! Samaki wa leo kutoka Kyavinyonge: sous réserve. Wa juzi: sous réserve. Kikapu cha muuzaji mmoja, Mama Nasiba, kilinitoa machozi. Pua ikasema kimeoza, mkono ukapiga muhuri. Éliakim, mjinga yule, kaandika "mbovu" kwenye kikapu cha jirani, akatukanwa mpaka babu yake. Nimecheka sana.

Ijumaa, 10 Novemba.
Maajabu! Nasiba anawaambia wateja kwamba réserve ni "ile ya muzuri, banachungaka kwa bakubwa", yaani samaki bora waliotengewa wakubwa. Wanagombania! Kikapu chote kimeshalipiwa, kitachukuliwa kesho kwa harusi. Wenye samaki wabichi wananibembeleza niwapigie réserve na wao. Éliakim akaja na uso wa padri: eti nifute muhuri, watu watakufa. Nifute? Nitaulizwa kwa nini nilipiga! Wivu tu.

Jumamosi, 11 Novemba.
Mama Berthe kaja sokoni na kikaango! Kasema anayepiga muhuri anaonja, mbele ya watu. Akachagua kikapu cha harusi. Nikajitetea kwamba sous réserve maana yake mashaka. Soko zima likapaza sauti: "Hapana! Réserve ni ya bakubwa, na weye ni mukubwa!" Nikala. Mungu wangu, nikala. Nilipoanza kukimbilia choo, Berthe akamwaga kikapu chote. Bibi harusi atakula kuku.

Jumatatu, 13 Novemba. Hospitali.
Éliakim kapewa Beni. Kaniletea ndizi, kwa dharau bila shaka. Lakini nimepata akili mpya! Nimeomba nihamishiwe ukaguzi wa madaraja, na muhuri wangu nakwenda nao. Berthe amesaini mbiombio, huku anacheka. Sijui anacheka nini. Daraja, nani ataniambia nilionje?